Mafuta ya Mbuta Ndani ya Shoki

Nilitia mafuta ya samaki ndani ya shoki za pikipiki. Wacha niliseme mara moja liishe, maana nusu ya Migori inalijua tayari, na paka wa mtaa wetu walilijua kabla ya Migori. Mafuta yalikuwa ya mbuta. Yalikuwa ya mama. Na sikuomba.

Mama anauza mgongo wazi sokoni. Viwandani wakishatoa minofu ya mbuta, ile mifupa iliyobaki na kichwa chake ndiyo mgongo wazi, na mama huikaanga mpaka iite watu yenyewe kutoka ng'ambo ya barabara. Mafuta yanayotoka huyachuja kwenye mtungi wa njano anaouweka nyuma ya mlango wa jikoni. Mtungi huo una heshima kuliko mimi. Mimi nimewahi kutumwa nje mvua ikinyesha, mtungi haujawahi.

Pikipiki nayo ilikuwa ya babu, baba yake mama. Si pikipiki ya kubebea watu. Haina taa, haina honi, haina mahali pa abiria, na tairi zake zina meno kama za trekta. Ni ya mashindano ya porini, ya miaka ambayo babu alikuwa kijana na alikuwa akifukuzana vilimani na mapadri wa misheni, akawaacha wakisali kwenye vumbi lake. Alipofariki, wajomba zangu waligawana ng'ombe na shamba. Mama alikuwa ameolewa, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa fupi. Mjomba mkubwa alimwambia kwa ule upole wa mtu aliyeshiba, "Dada, wewe chukua pikipiki ya mzee. Si ulikuwa unapenda kuipanda?"

Ikaletwa kwetu juu ya trela la miwa. Ikaingia stoo, kando ya jikoni, na kuku wakaona wamejengewa. Kila mara mjomba akipita kwetu kula samaki wa bure, hakosi kuuliza akiwa na mfupa mdomoni, "Na ng'ombe yako ya chuma, imezaa?"

Mama hucheka naye. "Bado, owadwa. Inangoja dume." Neno owadwa maana yake ni ndugu yetu, na mama hulitamka kwa utamu sana. Lakini nimeishi naye miaka yangu yote kumi na saba, na najua kicheko chake kinachotoka tumboni na kile kinachoishia kwenye meno. Hicho kilikuwa cha meno.

Mwaka huu alichoka. Alitaka ile stoo aweke jiko la kukaushia samaki, na mtu wa vyuma vikuukuu alikuwa amekuja mara mbili na mizani yake, akiipima pikipiki kwa macho kama daktari wa mifugo. Wiki hiyohiyo redio ikatangaza kwamba kutakuwa na mbio za pikipiki za zamani Homa Bay, Jumapili, wakati shule zimefungwa. Nilipiga magoti mbele ya karai la mafuta moto. Mama hakunitazama.

"Ikimaliza mbio, inabaki," alisema akigeuza samaki. "Ikirudi ikisukumwa, Jumatatu mtu wa vyuma anaichukua. Sitaki kelele."

"Na kama ikishinda?"

"Wewe maliza kwanza. Hata mtihani wa hesabu hujawahi kumaliza."

Basi. Injini haikunisumbua. Nilisafisha kabureta, nikatoa yai moja kwenye bomba la moshi, nikaweka plagi mpya, na ikakohoa, ikatukana, ikawaka. Kuku walihama siku hiyohiyo. Shida ilikuwa mbele, kwenye zile shoki mbili ndefu zinazoshika tairi. Zilikuwa kavu. Miaka yote ile mafuta yake yalikuwa yamevuja yakaisha, na ukizikandamiza zinaguna kama mwalimu wa zamu.

Fundi wa kona yetu, ambaye hutengeneza bodaboda na kutoa maoni kuhusu kila kitu ikiwemo ndoa za watu, aliniambia, "Weka mafuta yake, kijana. Mafuta mepesi ya haidroliki."

Mimi nilisikia neno moja tu: mafuta. Nikakumbuka mtungi wa njano. Nikajiambia mafuta ni mafuta, kwani chuma kina ulimi?

Siku ya kwanza niliijaribu asubuhi na mapema, na baridi yetu ya alfajiri si mzaha. Shoki zilikuwa ngumu kama mtaimbo. Kila kokoto la barabara ya Uriri nililisikia kwenye magego. Nikarudi nyumbani nikasema labda zinahitaji kuzoea. Nikatoka tena saa saba mchana, jua likiwa limekolea. Sasa zikawa maji. Niligonga tuta dogo, mbele ikaanguka yote, chuma kwa chuma, ting'! Nikapita juu ya usukani nikakaa mbele ya mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya. Aliniuliza kama nataka za fungu ama za kuchagua.

Juu ya hayo, sili za mafuta zilikuwa zimevimba, zikaanza kutoa jasho. Jasho la mbuta. Paka watatu walinisindikiza mpaka nyumbani, na mmoja akahamia kabisa, akawa analala juu ya tairi la mbele kama askari wa benki.

"Huyu paka ni wa nani?" mama aliuliza.

"Sijui, mama. Labda anapenda pikipiki."

Aliangalia paka. Akaangalia mlango wa jikoni. Akaniangalia mimi. Halafu akaendelea kugeuza samaki, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kuwaumba akina mama wenye kazi nyingi.

Sikufikiri hata mara moja kwamba kosa ni mafuta. Kosa lilikuwa la shoki, kwa sababu shoki hazingeweza kujitetea. "Hizi zilikufa na mwenyewe," nilimwambia fundi, naye akakubali haraka sana, maana alikuwa na nyingine za kuniuzia.

Za kwanza zilikuwa za bodaboda. Mpya, zinang'aa, unaweza kunyolea ndevu mbele yake, kama unazo. Tulizifunga, nikaondoka nikijiona. Nikaenda kuzijaribu upande wa Awendo, kwenye zile njia ambazo malori ya miwa yamezichimba mifereji mpaka ng'ombe mfupi anaweza kupotea humo. Mfereji wa kwanza, sawa. Wa pili, niliruka kidogo, kidogo tu, na nilipotua nikaona usukani unaelekea Awendo na tairi linaelekea Tanzania. Zilikuwa nyembamba mno. Zimeumbwa kubeba watu wanne na gunia la mahindi polepole, si kuruka. Wakata miwa waliacha mapanga wakashika mbavu.

"Omera, hiyo pikipiki imelewa!"

"Hapana, ni dereva! Pikipiki inajaribu kumrudisha shule!"

Nikazirudisha kwa fundi. Akasema nilizikosea adabu.

Za pili niliziona Homa Bay kwa muuza vipuri. Zilitoka kwenye pikipiki kubwa ya kisasa iliyoanguka, na zilikuwa zile zilizopinduliwa, nene juu, nyembamba chini. Nene kama paja la mchezaji. Nilizipenda mpaka nikaona haya. Muuzaji aliniachia nikazijaribu palepale. Kwanza hazikuingia kwenye vishikizo vya babu, nilivyokuwa nimevibeba kwenye mfuko; zilitaka matundu mapana zaidi, na muuzaji akasema basi tuyachonge. Nikamwambia ngoja. Nilizipima kwa kamba niliyopimia zile za zamani nikaona zimezidi urefu wa kiganja kizima. Zingeinua mbele juu kama twiga, na pikipiki ambayo mbele iko juu mno hukataa kona. Ukiiambia ishike kushoto inaenda kwanza kufikiri. Halafu muuzaji mwenyewe, kwa bahati mbaya yake, akakumbuka. "Lakini buda, kwa hiyo mbio watakagua. Kitu ya kisasa hawataki. Kila kitu lazima iwe ya wakati ya pikipiki."

Nikarudi Migori mikono mitupu. Ilikuwa Ijumaa jioni. Jua likazama, Sabato ikaingia, na kwetu Sabato hakuna mtu kugusa spana. Pikipiki ilipumzika kama waumini wengine. Mbio zilikuwa Jumapili saa nane.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kanisa, mama alinituma nisogeze mtungi wa njano nipate kufagia. Nikauinua. Haukusukasuka. Nikafungua kifuniko nikachungulia: mafuta yalikuwa yameganda, mazito, meupe kama uji wa jana. Nikafunga, nikaenda kanisani. Niliporudi mchana, jua lilikuwa limeingia mlangoni na kuupiga ule mtungi. Nikautikisa. Ndani mlikuwa na kitu chepesi kama chai ya bweni.

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Asubuhi mtaimbo, mchana maji. Mwalimu wa fizikia aliwahi kutueleza habari hii yote, namna joto linavyolegeza kitu kinachonata, na mimi siku hiyo nilikuwa nimelala nikiota pikipiki. Shoki za babu hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa nene kuliko za bodaboda, urefu wake ulikuwa sawasawa, vishikizo vilizijua, na mkaguzi asingekuwa na la kusema. Nilizunguka wilaya mbili kutafuta shoki nilizokuwa nimezilaza chini ya kitanda changu, zikiwa zimefungwa kwa gunia na kulindwa na paka.

Nililitazama jua lile mpaka likaona aibu likazama, Sabato ikatoka. Sekunde hiyohiyo nikawa na spana mkononi. Nikafungua shoki, nikamwaga, nikaziosha kwa petroli, kwa sabuni, kwa jivu, tena kwa sabuni. Sili mpya nilipata kwa jirani mwenye duka la vipuri vya trekta za miwa. Kipimo kilikaa kana kwamba pikipiki ilizaliwa na trekta. Nikamwaga ndani yale mafuta mekundu ya gia za magari, mengi sawa kila upande, nikipima kwa kikombe cha chai. Springi zilikuwa zimechoka kidogo, basi nikakata vipande viwili vya bomba la maji, nikaviweka juu yake ili zisimame kama zimeitwa jina. Nikakandamiza usukani. Ikashuka taratibu, ikapanda taratibu. Hakuna kuguna. Nilirudia mara nyingi, nikicheka peke yangu kama mwehu.

Ila harufu. Harufu haikutoka. Zikipoa, huisikii. Zikipata moto, mbuta anafufuka.

Jumapili Homa Bay, uwanja chini ya kilima, watu wamejaa mpaka kwenye miti. Mkaguzi aliinama kwenye shoki zangu, akazigonga kwa kucha, akatikisa kichwa kwa furaha. "Za asili kabisa. Safi." Halafu akanusa. "Hapa kuna mtu anapika?"

"Ni ziwa, bosi. Upepo."

Wajomba walikuwa wamekuja. Mjomba mkubwa alikuwa amevaa kofia yake ya mazishi. "Okewa!" aliniita, maana mimi ni mtoto wa dada yake. "Leo ng'ombe ya chuma inazaa ama inachinjwa?" Mama alisimama kando yake, leso kiunoni.

Bendera ikashuka. Mzunguko wa kwanza nilikuwa wa nyuma kabisa, nikila vumbi la wazee wenye vitambi na miwani ya marubani. Kisha tukafika kwenye mteremko, na mteremko ulikuwa mifereji mitupu, mvua ilikuwa imeuchana. Wote walishika breki. Mimi nikangoja kipigo kwenye magego, na hakikuja. Shoki zilimeza shimo, zikameza jingine, zikarudi juu zikisubiri la tatu. Niliachia breki. Niliwapita wawili nikipiga kelele ambazo siwezi kuziandika hapa kwa sababu mama anasoma. Kila mteremko nikawa nakula mtu. Jua likiwa kali vilevile kama siku ile ya nyanya, mbele haikuanguka, haikuguna, ilielea tu, na harufu ya samaki wa kukaanga ikanipanda puani nikajua pikipiki imepata moto.

Mzunguko wa mwisho alibaki mzee mmoja tu mbele yangu. Kwenye mteremko aliangalia nyuma. Anaangalia nyuma kwani ananidai? Akapanda ukingo, akayumba, na mimi nikapita chini yake ndani ya mfereji, pale ambapo mtu mwenye akili asingepita. Nikatua, nikakunja kona, nikanyooka. Wa kwanza. Mimi! Niliyekosa kumaliza mtihani wa hesabu!

Watu walinivamia. Lakini kabla sijavua helmeti, mkono wa mjomba mkubwa ulikuwa tayari juu ya usukani.

"Damu ya mzee!" alitangazia umati. "Sasa okewa, hii ni mali ya boma. Inafaa ikae nyumbani kwa mzee, wajukuu wote waione. Jumatatu natuma gari."

Moyo wangu ukashuka kama shoki ya mbuta mchana. Nilikuwa nimeikwepa Jumatatu ya mtu wa vyuma, sasa nyingine hii hapa, imevaa kofia ya mazishi. Na mjomba habishiwi mbele ya watu.

Mama alipenya katikati ya umati. Alifika, akapangusa mikono kwenye leso ingawa haikuwa na kitu, akautoa mkono wa kaka yake kwenye usukani, kidole kimoja kimoja, kwa utamu wake wote. Halafu akasema:

"Inama unuse hizo shoki, owadwa. Zikinuka ng'ombe, pikipiki ni yako, beba. Zikinuka mbuta, ni yangu."