Aongeze Bidii ya Nini?

Nakumbuka siku ya kufungua shule, mwanangu, nikiingia kidato cha pili, niliposimama kwenye lango huku Mukurweini na ripoti ambayo mama yangu alikuwa amekataa kuitia kidole. Ripoti isiyo na sahihi ya mzazi ilimrudisha mwanafunzi nyumbani. Mama hakujua kuandika, kwa hiyo sahihi yake ilikuwa kidole gumba. Likizo nzima nilimbembeleza, naye likizo nzima akakataa. Nilikuwa nawajua wasichana waliorudishwa nyumbani kwa jambo dogo wasionekane tena darasani, nami niliipenda shule.

Yaliyomuudhi yalikuwa maneno machache ya Kiingereza chini ya alama zangu mbaya za hesabu: wastani, aongeze bidii. Nilimsomea nilipofika nyumbani. Kesho yake, pale barabarani ambapo wanawake hungoja gari la maziwa, watoto walikuwa wakiwasomea mama zao ripoti. Msichana aliyekuwa wa kwanza, aongeze bidii. Aliyeshika mkia, aongeze bidii. Wanawake walicheka. Mama hakucheka.

"Nikitia kidole nimesema nimekubali," aliniambia. "Nimekubali nini?"

Usidhani alikuwa mama wa kudekeza watoto. Mwalimu angeandika kwamba mimi ni mvivu, mama angetia vidole vyote kumi, kisha angenichapa.

Basi siku hiyo mlinzi aliponizuia langoni, mama, aliyekuwa amenisindikiza, alimpita na gambuti zake za mpira zenye matope hadi ofisi ya walimu, mimi nyuma yake. Mwalimu wangu wa darasa, Mwalimu Wafula, alitoka mbali, Bungoma, na hakujua lugha yetu, kwa hiyo mama alilazimika kutumia Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwalimu, hii ripoti ni ya nani?"

"Ni ya Nyambura, mama. Si jina liko hapo?"

"Jina ni yake. Maneno ni ya nani?"

Walimu wengine waliinua vichwa.

"Mama, mtoto akianguka hesabu, si aongeze bidii?"

"Bidii ya nini? Huyu anaamka mapema, anasoma na koroboi mpaka macho inakuwa nyekundu. Nimwambie aamke saa ngapi tena, ati saa nane?"

"Mama, niko na darasa limejaa. Nitaandika hadithi ya kila mtu?"

"Mimi niko na ng'ombe tatu. Mmoja anapiga teke, mmoja anaficha maziwa, mmoja ni mgonjwa. Nikiita daktari nimwambie tu ati waongeze maziwa, si atanicheka?"

Mwalimu mmoja aliangua kicheko. Mwalimu Wafula hakucheka. "Bila kidole harudi darasani," alisema. "Sheria si yangu."

"Basi tutakaa."

Akaketi kwenye benchi la nje, lile la watukutu wanaongoja kuadhibiwa. Nilitamani ardhi inimeze. Kengele ikalia, wenzangu wakaingia darasani, mimi nikabaki nimesimama kando yake nikihesabu kwamba shule imekwisha kwangu.

Sisemi mwalimu yule alikuwa mbaya. Alikuwa kijana, na alichoka kama unavyochoka wewe na ualimu wako. Alipotoka kwenye somo lake alitukuta palepale. Safari hii hakumtazama mama, alinitazama mimi.

"Nyambura, unakwama wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwambia huku nalia kwamba hesabu za sehemu, robo na theluthi, zilinipotea tangu shule ya msingi. Niliuliza mara moja darasani nikachekwa, sikuuliza tena. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini hawakukaa na wasichana wa kidato cha kwanza.

Alikata maneno yake ya kwanza, akaandika mengine, akamsomea mama kwa Kiswahili: "Anajumlisha na kuzidisha vizuri. Anapotea kwenye sehemu, na haulizi kwa kuogopa kuchekwa. Atakaa mbele, nami nitamuuliza swali kila somo. Nyumbani apewe nafasi ya kusoma kabla ya giza."

Mama alifikiri. Kabla ya giza ndipo nilipokuwa nakata nyasi za ng'ombe.

"Hiyo ya mwisho ni mimi unasema."

"Ni wewe, mama."

"Haya. Lete wino."

Sikuwa hodari wa hesabu hata baadaye. Sitakudanganya. Niliishia kidato cha nne na alama ya kawaida. Lakini nilikimaliza, na nyasi mama alizikata mwenyewe.

Sasa umenipigia simu kutoka Timau ukasema kompyuta ya shule inajaza maoni yenyewe: ukiweka alama, inatoa maneno. Ukasema naibu wa mwalimu mkuu anakuita mzembe kwa sababu unaandika kwa mkono wako.

Mwanangu, mwezi uliopita tulipomzika mama, kijitabu cha mazishi kilisema alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu. Ni maneno yaleyale ya kila marehemu. Nilisimama mbele ya mchungaji nikasema mama hakuwa mpole. Watu waliguna. Waache wagune. Sikuwa tayari kumfunika na nguo ya kuazima, na nguo ya kuazima haisitiri matako.

Basi yakatae maneno ya kompyuta. Usimwandikie mtoto neno linaloweza kuhamia kwa jirani yake. Anza na anachoweza, kwa maana hata wa mwisho anaweza kitu. Kisha sema mahali anapokwama, na usipapambe, kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Usiandike "mjinga" wala "hafai", hayo si maoni, ni matusi. Malizia kwa kusema wewe utafanya nini na nyumbani wafanye nini. Mkono mmoja haulei mwana. Na kama hujui anapokwama, usiandike kwanza. Nenda ukamuulize.

Mungu akupe macho ya kumwona mtoto mmoja mmoja, na shingo ngumu ya nyanya yako uliyepewa jina lake. Na huyo anayekuita mzembe, Mungu amjalie mtoto wake afundishwe na mtu kama wewe.