Mstari wa Mungu Anayeamka

Kanisani kwetu Nchelenge, kabla ya kubatizwa, kila mmoja aliingiza mkono ndani ya chungu akatoa kikaratasi. Mwalimu alikuwa ameandika humo mstari mmoja wa zaburi. Jumamosi unasimama mbele ya wazee na kuueleza kwa maneno ya nyumbani. Ukishindwa, unangoja mwaka mwingine, na mama yangu alikuwa amekwisha kunishonea shati jeupe. Mimi nilikuwa na haya: mtu akinisalimu njiani, naangalia miguu yake.

Wenzangu walipata mchungaji, taa, mlima. Mimi nilipata ule unaomfananisha Mungu na shujaa anayezinduka usingizini akipiga kelele baada ya divai. Na kanisani kwetu aliyenusa tu pombe alitengwa.

"Mwalimu, naweza kubadilisha?" nilinong'ona.

Mwalimu alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. "Hapana, mutoto. Njo hiyo umepata."

Nyumbani, mdogo wangu wa kike alicheka mpaka akakaa chini. "Mutu wa nguvu mwenye kulewa? Si tuko naye kwetu! Twende tumwangalie."

Alimaanisha yama, ndivyo tunavyomwita kaka wa mama. Tulimkuta mchana kweupe amelala chini ya kichanja chake cha kukaushia samaki, pombe ya ulezi imemlaza kama gogo. Tukakaa kumsoma. Mdogo wangu akamtia unyoya puani. Wapi! Akamwimbia wimbo wa kanisa sikioni. Wapi! Mbwa akaja akachukua samaki, akaenda, akarudi na rafiki yake. Vijana wawili wa jirani waliokuwa wakipita wakasimama.

"Huyu amekufa?"

"Amekufa mpaka kesho," mdogo wangu akajibu.

Basi wakaanza kuchagua kambale, wakiomba ruhusa kwa adabu. "Yama, tunaomba huyu mkubwa. Asante, yama. Na huyu? Asante sana." Tulicheka hadi machozi. Nami, kwa kuwa kila mtu alikuwa anachukua, nikachukua mmoja. Mdogo tu.

Nilikuwa nimeuma mkia wakati yama alipofumbua jicho.

Sauti ile sijaisikia tena. Alisimama na kafi la mtumbwi mkononi, na kafi halikuuliza nani jirani, nani mpwa. Vijana walikimbilia majini na nguo zao, kambale wakabaki mchangani. Wale mbwa hawakuonekana siku mbili. Mdogo wangu, ambaye hakuchukua kitu, alisimama palepale bila kuguswa. Mimi nilipigwa mahali pa kukalia, mara tatu, samaki bado yuko mdomoni.

Jumamosi wazee watano walikuwa wamejipanga kwenye benchi. "Eleza," akasema mwalimu. "Na utuambie Mungu na divai wanakutana wapi."

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, kwamba divai ile ni maji ya zabibu tu. Yote yalipotea. Nikasema, nikitazama miguu yao: "Mstari hausemi Mungu analewa. Ni sisi tunaodhani amelala. Amenyamaza, basi tunamcheka, tunachukua vitu vyake, na bado tunasema asante. Halafu anaamka."

"Halafu?" akauliza mzee mmoja.

"Halafu ni mbio tu, muzee."

"Wanaokimbia ni nani? Maadui zake?"

Hapo nilitamani kusema ndiyo na kunyamaza. "Ni maadui," nikasema. "Na mimi nilikuwa pamoja nao."

"Nani alikufundisha haya?"

"Yama."

Wakatazamana. Hakuna asiyemjua yama; walikuwa wamemtenga mara mbili.

"Yule yama wako? Alisema nini?"

"Hakusema neno. Alitumia kafi."

Mzee mkubwa aliziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika. Mwalimu aliinama akaandika kitu daftarini, akachukua muda mrefu kuliko maneno yale yalivyohitaji.

"Umepita," akasema. "Sasa kaa kwenye benchi na wenzako."

"Nitasimama tu, bwana mwalimu."