Bili ya Njia ya Munje

Siku niliyoanza ukarani wa mawakili, mjini Kwale, wakili aliyeniajiri alinikabidhi faili nene akasema, "Kesi hii imekwisha. Sasa ndiyo inaanza." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nyinyi mnaoingia kazi hii leo, msivunjike moyo msipoielewa upesi. Mimi pia ilinichukua muda. Hukumu ikitoka, aliyeshindwa kwa kawaida humlipa mwenzake gharama. Wakili wa mshindi huandika bili, kipengele kwa kipengele, na Naibu Msajili wa mahakama huipima. Nauli iwe na risiti. Kikao kionekane katika kumbukumbu za mahakama. Kubwa kuliko yote ni ada ya maagizo, yaani ujira wa wakili kwa kuipokea kesi na kuiandaa. Hiyo hufuata thamani ya kitu kilichogombaniwa. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini.

Kutoka Kwale nilihamia ofisi ya Ukunda, chini ya wakili mwandamizi, nikabaki huko hadi mwisho. Mwaka wangu wa mwisho alikuja Bi Mwanakombo wa Munje, mwenye umri wa mama yangu. Alikuwa ameifunga njia ya kisimani inayokatiza shambani mwake. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, akamshtaki, akashinda. Kisha ikaja bili. Ada ilikuwa imepimwa kwa bei ya shamba zima, tena bei ya viwanja vya ufuoni Diani. Ikipita, shamba lingepigwa mnada.

"Mwanangu, nitalala wapi?"

"Tulia, Bibi. Tutaipinga."

Siku ya kupima bili chumba kilikuwa kitupu. Hukumu huvuta watu. Bili haina mtazamaji. Mwandamizi akasimama. "Mheshimiwa, hakuna aliyegombania shamba. Katika madai yao waliomba njia ya kupita mtu na punda wake."

Naibu Msajili akauliza, "Na ripoti hii ya mthamini, yenye bei ya shamba?"

"Imeandikwa baada ya hukumu. Jaji hakuiona."

Wakili wa shemeji akanung'unika, "Kumbe na punda ana wakili!"

Naibu Msajili alitabasamu, kisha akaikata ada ile, ikabaki kiasi ambacho minazi ya Bibi ingeweza kulipa. "Asiyeridhika apeleke pingamizi kwa jaji," akasema. Hakuna aliyepeleka.

Nje nilimpongeza Bibi. Alikuwa akimtazama shemeji yake akienda zake bila kumsalimu.

"Shamba limebaki," akasema. "Na salamu, mwanangu? Hizo nazo hupelekwa kwa jaji?"



Sasa nimestaafu. Naishi peke yangu Msambweni, na simu yangu hailii. Juzi nilikwenda Munje kumjulia hali, nikamkuta ameinama, anafagia ile njia. Shemeji na watu wake walikwisha kuchimba kisima chao wenyewe.

"Shikamoo, Bibi. Huwa wanapita?"

"Marahaba. Bado. Lakini wakija wasikute miiba."

Nikampokea fagio, nikaendelea alipoachia. Tulipofika kisimani hapakuwa na mtu.