Farasi Juu ya Jiwe la Klara

Shemeji yangu Klara hakuwa mrembo wa kuimbwa ngomani, na maneno yake yaliwasha kama pilipili kichaa. Mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu alimweza kaka yangu Maganga, jambo ambalo hata baba yetu lilimshinda.

Alizaliwa Nkome, kwa wavuvi, na utoto wake wote ulipita katika kuanika dagaa. Alipoolewa kwetu, karibu na Ibadakuli, alikuta nyuma ya nyumba jiwe bapa, pana kama uwanja, akalitwaa. Juu yake alianika michembe, vile vipande vya viazi vitamu tunavyokula kiangazi. Kuku akipanda, alifukuzwa. Mama yetu mzazi alipanda na katambuga zake, akaambiwa avue kwanza. Akavua! Tulicheka mwezi mzima.

Mwaka 1951, masika yakiwa yamekolea, mzungu mmoja mtafuta dhahabu alipita hapo na farasi. Tulimwita Bwana Mawe, maana hakupita jiwe bila kuliokota. Alikuwa safarini kwenda Geita, lakini udongo mweusi wa mbugani ulikuwa umegeuka uji, na farasi alizama mpaka magotini. Akaamua kudandia lori na kumwacha mnyama kwa Maganga. Akamwonyesha kazi: kila siku inua mguu, kwangua uchafu ndani ya ukwato kwa chuma hiki kilichopinda, kisha msimamishe pakavu. Maganga aliitikia "Ndiyo, Bwana" mara saba. Kaka yangu akiitikia mara saba, ujue hajasikia kitu.

Alikuwa na ng'ombe arobaini, na zizi lake wakati wa masika lilijaa samadi na tope mpaka kwenye muundi. Kwetu hiyo si aibu hata kidogo. Zizi lenye kina ni zizi la tajiri. Basi mgeni wa heshima akapewa mahali pa heshima, katikati kabisa, penye kina kuliko kwingine kote. Maganga akampa na jina, Limi, yaani jua, kwa ule wekundu wa manyoya yake. Walipendana mno. Akipiga mluzi, farasi anakuja na kumpumulia shingoni, na kaka yangu anacheka kama mtu aliyetekenywa.

Baada ya wiki mbili Limi alianza kuchechemea. Walipomwinua mguu, harufu iliyotoka iliwafukuza nzi. Katikati ya ukwato, ile sehemu laini ya pembetatu ilikuwa imeoza, inatoa maji meusi. Maganga akaleta dawa aliyoijua, samli, akazipaka kwato zote nne mpaka zikang'aa, kisha akamrudisha palepale zizini. Siku tatu baadaye farasi hakuweza kukanyaga.

Ndivyo Bwana Mawe alivyomkuta, siku alipopita na lori kufuata mahitaji yake Shinyanga. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha.

"Mimi narudi Jumamosi ya pili," alisema. "Kama yeye natembea, mzuri. Kama hapana tembea, mimi tapiga bunduki. Hapana nataka yeye naumwa bure."

Kaka yangu hakula siku hiyo. Alikaa mlangoni, mtu mzima mwenye ng'ombe arobaini, akisema kuna jirani amemroga.

"Yaya, hapana! Hakuna aliyekuroga," Klara alimjibu. "Baba Melania, dagaa wabichi ukiwarundika na kuwapaka mafuta, jioni unakuta nini?"

"Wameoza."

"Na huyo umemfanya nini?"

Maganga akageuka kutazama zizi.

"Mlete kwenye jiwe langu," akasema Klara. Nilidhani nimesikia vibaya.

Tulimpandisha polepole, mimi nikisukuma nyuma, kazi ambayo simtakii adui. Maganga alishika mguu, Klara akachuchumaa na kile chuma, akakwangua samli, samadi na ile nyama iliyokwisha kufa, bila kugusa iliyo hai. Akaosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akafuta kwa kipande cha kanga, akahakikisha kila ufa umekauka. Asubuhi na jioni, kwato nne, kila siku. Mimi na kaka tulijenga kibanda cha nyasi juu ya jiwe. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka pembeni, na jua likitoka kidogo tu, jiwe lilikuwa limekauka.

Jirani yetu Mageni alikuja kuangalia. Akauliza kama siku hizi shemeji anaanika michembe yenye mkia. Klara akamwambia apande na yeye, aanikwe, maana alikuwa na ubichi kichwani.

Siku ya tano harufu ilikwisha. Siku ya tisa Limi alianza kukanyaga, kwa uangalifu, kama bibi anayevuka mto.

Jumamosi ile Bwana Mawe alifika, bunduki begani. Nusu ya kijiji ilikuwa imejaa pale. Maganga alipiga mluzi, lakini mluzi ukatoka nusu. Limi akateremka, akatembea, kisha akakimbia kidogo kuuzunguka mji wa kaka. Bwana Mawe aliinua miguu yote minne, mmoja mmoja, akanusa. Akatoa risasi kwenye bunduki, akaitia mfukoni.

"Nani natengeneza hii?" akauliza.

Mimi namjua kaka yangu. Sifa zikipita karibu naye, huzidaka. Nilisubiri ajipige kifua. Akamnyooshea mkewe mkono.

"Mimi nilimharibu, Bwana. Mama Melania ndiye aliyemponya."

Alisema mbele ya watu wote. Klara, mwenye jibu kwa kila mtu, alijifunika uso kwa kanga na mabega yakatikisika. Na mimi nililia, sioni haya kusema.

Bwana Mawe akashika hatamu, tayari kuondoka. Klara akafunua uso ghafla, macho bado yana machozi.

"Unampeleka wapi? Huko mbugani matope bado. Haondoki mtu na farasi huyu mpaka nchi ikauke!"

Mzungu akamtazama, akatazama kwato, akaiachia hatamu.

"Ndiyo, mama," akasema, mara moja tu.