Moyo wa Kurithi

Hospitalini Mikumi pazia la daktari halizuii maneno, na masikio yangu bado mazima. Juzi nikisubiri zamu na goti langu bovu, bila mtoto wa kunisindikiza, mzee mmoja wa Zombo, anayeishi peke yake, aliambiwa moyo wake unadunda ovyo.

"Babu, huu unaweza kuwa wa kurithi. Nchi za mbali wanajaribu kurekebisha vinasaba na kupandikiza chembe hai ili moyo udunde sawasawa. Huku bado. Kwa sasa utameza vidonge, na wanao wote waje tuwapime."

"Hata yule wa Kilosa mjini? Mwaka wa nne huu hajakanyaga kwangu."

"Hata yeye."

"Basi niandikie barua, mjukuu wangu, na muhuri upige. Mimi nikiwaita hawaji."

"Sawa. Na hiyo tiba mpya ikifika tutakuita."

"Isiwe na haraka. Watoto waje kwanza."

Akatoka ameishika barua kwa mikono miwili, kama bakuli la uji wa moto. Nilitaka kumcheka. Zamu yangu ilipofika, nikamuuliza daktari kama goti nalo hurithiwa, na kama ule muhuri bado uko mezani.