Posa ya Chuo Chetu

Jamani, mimi hata leo nikiona mlango wa stoo ya viti uso unapata joto, na kama mnataka kucheka chekeni sasa hivi tumalizane, maana huko mbele kuna pahali sitapenda kuchekwa.

Ilikuwa Kigali, mwaka wa tisini na mbili, nami Mnyamwezi wa Tabora nimeitwa na mfanyabiashara mmoja nije nimwendeshee chuo chake kidogo pale Kicukiro, chuo cha kupiga taipu na kutunza hesabu, vyumba viwili na mwalimu mkuu ambaye ndiye mwalimu mdogo ambaye ndiye mpiga kengele (yaani mimi). Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili na sikuwa na mtu. Sisemi nilichukiwa, la, watu walinisalimu vizuri, "Mwarimu, amakuru?", yaani habari, nami nikajibu "ni meza", yaani nzuri, halafu kila mmoja akashika njia yake, nikaenda kula wali na maharage huku nimewasha redio ili nyumba isikike kama ina watu. Jumamosi mtaa mzima ulivaa ukaenda harusini. Mimi nilifua.

Sasa, vyuo vya binafsi vilikuwa na umoja wao, na kama chuo chako hakimo kwenye umoja wanafunzi wako hawafanyi mtihani wa pamoja, na bila mtihani ule hati niliyokuwa nawapa ilifaa kufungia karanga tu. Kwa hiyo ule uanachama kwangu haukuwa urembo, ulikuwa ndio chuo chenyewe. Chuo kinachoomba kilitakiwa kije mbele ya mkutano, mkuu wake pamoja na mtu wa kukisemea. Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea maji, Kinyarwanda nilikisikia vizuri lakini kukisema nilichechemea, nikaona (hapa ndipo nilipojichimbia) nimchukue Mzee Swedi, fundi cherehani wa mtaa wa Gitega pale pale Kigali aliyekuwa akinipunguzia suruali, mtu ambaye watu walimfuata kutoka mbali kwa ajili ya ulimi wake, awasemee kwenye posa upande wa waoaji.

"Mwarimu, wewe nyamaza tu," aliniambia. "Kazi ya mdomo iko yangu. Wewe kaa, wakuone mtu ya heshima."

Nikakaa. Ukumbi ulikuwa umeshachoka na ripoti, watu wanapiga miayo, ndipo Mzee Swedi aliposimama, akavua kofia, akasema tumepita njia, tumeona katika boma hili binti mzuri anaitwa Uanachama, nasi tuna kijana wetu, chuo, mpole, mchapakazi, hajaoa. Watu wakaamka! Mwenyekiti, baba mnene mwenye miwani, akaweka kalamu chini, akajiweka kitini kama baba mkwe. Nikajisemea, Mungu wangu, tumepata.

Mwenyekiti akakohoa. "Mumechelewa," akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwa ajili yangu. "Uyo binti tulisha mupatia wengine. Na nyinyi ni watu gani? Atubajue. Munatoka wapi, bazee benu bako wapi?"

Ukumbi mzima ukaguna. Nami, ndugu zangu, maneno yale yakaniingia pabaya. Hatuwajui, wazee wenu wako wapi. Nikaangalia kushoto na kulia kwangu, viti vitupu, nikaona kumbe hata huku wamelijua, kwamba huyu mtu hana watu. Nikasimama na Kinyarwanda changu cha kuchechemea nikawaambia kama mlishawapa wengine mngetuambia mapema, nikachukua mkoba, nikatoka kwa hasira.

Watu wakapiga makofi! Wengine wakasimama kabisa. Nikazidi kuwaka, nikasukuma mlango, nikaufunga nyuma yangu kwa kishindo, nikajikuta nimo stoo ya viti. Giza. Nikasimama humo nikisikia vicheko vinapanda (mnajua mtu anavyojidanganya kwamba akikaa kimya wataondoka wenyewe?), mpaka nikatoka, nikapita ukumbi wote tena nikitazama viatu vyangu, vicheko vikipungua, na nilipofika mlango wa kweli palikuwa kimya kabisa.

Wanafunzi walikuwa wananingoja chuoni, wameshanunua Fanta. Nikawaambia tumekataliwa. Hakuna aliyenilaumu, na ingekuwa afadhali wangenilaumu. Wakarudisha kreti dukani, wakaenda.

Mzee Swedi alifika jioni, miguu vumbi tupu, alikuwa amecheleweshwa kwenye kizuizi cha askari. "Mwarimu! Urikimbia nini? Barikuwa banatupatia!"

Akanieleza, bado anahema. Katika posa baba wa binti lazima akatae, akatae tena, aseme binti ameolewa, aseme hawajui, na waoaji wakae wabembeleze mpaka wapewe, kila mtoto anajua hivyo. Nilipofoka walidhani naigiza, ndiyo maana ya makofi. Nilipotoka kweli, ikawa nimewatukana wakwe. Mwenyekiti alingoja, hatimaye akafunga mkutano, mpaka mwaka ujao.

"Lakini wewe, Mwarimu, myaka hii yote hapa, hujaona posa hata moja?"

Nikamwambia hakuna aliyewahi kunialika.

Mzee Swedi akaangalia ile suruali aliyonipunguzia mwenyewe. "Na mimi sikukuita," akasema. "Kira Jumamosi niko naenda, na sikukuita."

Tangu siku ile alinipitia kila Jumamosi, nikakaa mstari wa mbele, nikasikia mabinti wakikataliwa mpaka nikazoea, na mwaka uliofuata tulikataliwa na mwenyekiti yule yule mara tatu nikiwa nimetulia kitini natabasamu, tukapewa. Ila nusu ya wale walionunua Fanta hawakungoja, walikuwa wamesharudi makwao, na wao ndio wananiuma.

Sasa niko Tabora na watu wangu, na nimeapa mambo mawili. Mtu akiniambia hapana, sinyanyuki. Na Jumamosi nikiona mgeni anafua peke yake uani, simsalimii nikapita: namwambia mwaga maji hayo, vaa, twende.