Fundi Asiyeambiwa Kitu

"Fundi, gauni langu la harusi ya binti yako liwe la mikono mirefu au mifupi?" jirani aliuliza siku moja, kitambaa begani.

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Harusi gani? Asubuhi alimwacha binti mwenyewe nyumbani akiosha vyombo, wala hakumtajia harusi.

Jirani akaona ameshaharibu. "Labda nimechanganya," akasema, akaondoka hata kupimwa hakupimwa.

Ndivyo fundi alivyoishi miaka tisa. Presha yake ilikuwa juu, vidonge vinne kwa siku havikuishusha, na nyumba nzima ikaamua kwamba habari yoyote, mbaya au njema, ingemwua. Paka wake alipokufa aliambiwa kaenda kutembea. Maskini fundi akawa anaweka maziwa mlangoni miezi miwili.

"Presha hii ni hasira zako, mama watoto," mume alimwambia.

"Hasira nazipata wapi, nami sijui lolote la kunikasirisha?"

Alimwomba Mungu ampe daktari mwenye masikio, akampata. Huyo alimuuliza kwa nini miguu inamkakamaa, akapima damu, akampiga picha. Juu ya figo ya kushoto, kwenye tezi ndogo, palikuwa na kivimbe mfano wa kifungo cha shati. Kilimwaga homoni kupita kiasi, mwili ukang'ang'ania chumvi, presha ikapanda.

Hospitalini wakamlaza usingizi kwa dawa, wakapitisha mpira mwembamba mdomoni hadi tumboni, na kutoka humo sindano ikakifikia kile kivimbe na kukiunguza. Alipozinduka alifunua shuka, akajikagua tumbo lote kama anayepokea nguo kwa fundi mwenzake.

"Mshono uko wapi, daktari?"

"Hakuna mshono, mama. Tulipitia mdomoni."

"Mimi nikirudisha nguo hivi, mteja atasema sijaigusa."

"Ngoja wiki chache, kipimo kitasema."

Kipimo kilisema. Presha ilishuka, vidonge vikabaki kimoja. Fundi akamshukuru Mungu njia nzima kutoka hospitali. Alipofika nyumbani aliwaita mume na binti sebuleni, akawasomea karatasi ya daktari mara mbili.

"Kwa hiyo umepona, mama?" binti akauliza, akimtazama baba yake.

Fundi akavuta kiti, akakaa.

"Nawaomba mniambie yote mliyonificha, moja moja, na msiyapunguze."